Kiongozi wa dini anapodaiwa aombe radhi

Waheshimiwa masheikh, maaskofu na wachungaji, walimu wangu, na nyinyi vijana ambao baadhi yenu mmekosa viti na bado mmesimama: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kwa kawaida huulizwa watu wakiwa wameshakasirika. Nashukuru kwamba leo tunaliuliza tukiwa tumetulia. Kiongozi wa dini akitamka jambo likawaudhi waumini wa dini nyingine, je, aombe radhi? Au uhuru wa kusema unamkinga, akae kimya mpaka upepo upite?

Nitautaja msimamo wangu mapema, msije mkanisikiliza kwa kuvizia. Naamini kiongozi wa dini aliyekosea kwa ulimi anapaswa kuomba radhi waziwazi, kwa ajili ya neno lake mwenyewe, na mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Na naamini kwa nguvu ileile kwamba hakuna mwenye haki ya kuidai radhi hiyo kwa vitisho. Mambo haya mawili nayashika pamoja, na kila nilipojaribiwa kuachia moja niliona jinsi la pili linavyoharibika.

Sheria tuimalize haraka, kwa sababu sheria haitufikishi mbali katika jambo hili. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 linalinda uhuru wa dhamiri na dini katika Kifungu cha 18, na uhuru wa maoni katika Kifungu cha 19. Vifungu hivi ni majirani, na kimoja hakiishi bila kingine. Mhubiri anaposimama kusema kwamba imani yake ndiyo ya kweli, tayari amewaambia wengine, kwa upole au kwa ukali, kwamba zao zina kasoro. Ukipiga marufuku kila neno linaloudhi imani ya mtu, watakaofungwa midomo kwanza ni wahubiri, wachoraji wa katuni watafuata baadaye. Hili huwa nawaambia viongozi wa dini wanaotaka sheria kali za kufuru: mnaomba kamba itakayowafunga nyinyi wenyewe, siku serikali ikiwa mikononi mwa watu wa imani nyingine.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 uliweka mpaka kwenye Kifungu cha 20: kuhubiri chuki ya kidini kunakochochea ubaguzi, uhasama au ukatili kupigwe marufuku kisheria. Mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikafafanua kwamba sheria zinazokataza tu kuikosea dini heshima hazipatani na mkataba huo, isipokuwa pale uchochezi wa namna hiyo unapohusika. Na mwaka 2012, wataalamu waliokutana Rabat, Morocco, wakataja mambo 6 ya kupima kabla neno halijaitwa uchochezi wa kuadhibiwa: mazingira, msemaji, nia yake, maudhui na namna yalivyosemwa, upana wa kuenea kwake, na uwezekano wa madhara kutokea.

Katika hayo 6, leo nalitaka moja tu: msemaji. Neno lilelile likitoka kwa kijana anayebishana kijiweni ni ubishi wa kijiweni. Likitoka kwenye mimbari au madhabahu linakuwa kitu kingine. Msikilizaji wa kiongozi wa dini hapimi hoja peke yake. Amekuja akiwa ameshafungua moyo, na analibeba lile neno hadi nyumbani kama sehemu ya ibada. Uzito huo kiongozi huutumia kila siku kwa mema, kupatanisha ndoa, kuchangisha fedha za wagonjwa, kuwatuliza vijana. Siku ulimi ukiteleza hawezi kusema, “Mimi ni mtu wa kawaida, nina haki ya maoni yangu.” Haki anayo. Ukawaida hana.

Sasa niwaeleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu naona kimebeba karibu kila kitu.

Tarehe 12 Septemba 2006, Papa Benedikto wa 16 alihutubia katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, chuo alichowahi kufundisha kabla hajawa askofu. Mada yake ilikuwa imani na akili, na sehemu kubwa ya hotuba ile iliwalenga wasomi wa Ulaya wanaodhani kwamba akili timamu haina mahali pa kumweka Mungu. Lakini mwanzoni kabisa alinukuu maneno ya Manuel wa Pili Palaiologos, mfalme wa Bizanti, dola ya Kikristo ya zama hizo, katika mjadala wake na msomi mmoja wa Kiajemi mwishoni mwa karne ya 14. Nukuu ile ilidai kwamba mapya aliyoyaleta Mtume Muhammad yalikuwa maovu tu, ikitaja amri ya kueneza dini kwa upanga. Papa alisema mfalme yule alitumia ukali wa kushangaza. Kisha akaendelea na mada yake.

Hapo ndipo penyewe. Hakusema, “Mimi sikubaliani naye.” Pengine alidhani inajulikana. Alikuwa profesa miongoni mwa maprofesa, na profesa akinukuu, wanafunzi wanajua kunukuu si kukubali. Lakini mtu aliyesimama pale siku ile hakuwa profesa tena. Alikuwa kiongozi wa Wakatoliki zaidi ya bilioni moja, na ndani ya muda mfupi sentensi ile ilikuwa imekatwa kutoka kwenye hotuba na kusambaa duniani ikiwa peke yake.

Siku 5 baadaye, Jumapili tarehe 17, alizungumza baada ya maandamano na lawama za siku kadhaa. Alisema anasikitika sana kwa namna watu wa nchi kadhaa walivyoyapokea maneno machache ya hotuba yake yaliyoonekana kuwaudhi Waislamu, na kwamba yalikuwa nukuu ya zama za kati isiyoeleza mawazo yake binafsi. Wapo walioridhika. Wapo waliosema hiyo ni kuuma na kupuliza, na mimi nawaelewa. Alichokisikitikia ni hasira ya wasikilizaji. Uamuzi wa kuitoa nukuu ile mbele ya dunia bila kuikana haukuguswa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi waliolaumu na wengi waliotetea hawakulifuatilia. Hotuba ilipochapishwa rasmi ikiwa na tanbihi zake, ilikuwa imebadilika. Pale alipotaja ukali wa mfalme, sasa palisomeka kwamba ni ukali tusioweza kuukubali. Na chini ya ukurasa ikawekwa tanbihi inayosema kwamba nukuu ile ilichukuliwa kwa bahati mbaya kuwa ni msimamo wake mwenyewe, kwamba ghadhabu iliyozuka inaeleweka, na kwamba yeye anaiheshimu Qurani kwa heshima inayostahili kitabu kitakatifu cha dini kubwa. Nikiisoma tanbihi ile naona ndiyo radhi ambayo watu walikuwa wakiisubiri. Imeligusa neno lenyewe. Imekubali kwamba waliokasirika hawakuwa wendawazimu. Tatizo lake ni mahali ilipowekwa: neno lilisemwa mbele ya kamera za dunia nzima, marekebisho yakaingia kwa herufi ndogo, yakasomwa na wanaopenda kusoma tanbihi.

Viongozi wangu, hili nawaomba mlizingatie. Ukikosea kwenye kipaza sauti, omba radhi kwenye kipaza sauti. Ukikosea mbele ya umati wa Ijumaa au wa Jumapili, usiende kuomba radhi chumbani kwa watu wawili mkanywa chai na kupiga picha. Aliyeudhiwa hakuwa mle chumbani.

Upande wa pili wa kisa hiki unanipa moyo mpaka leo. Oktoba 2006, maulamaa 38 wa Kiislamu kutoka nchi na madhehebu mbalimbali walimwandikia Papa barua ya wazi. Hawakumtukana. Walilipokea sikitiko lake, kisha wakaingia kwenye hoja na kumsahihisha kama msomi anavyomsahihisha msomi mwenzake. Papa alikuwa amesema kwamba ile aya ya sura ya pili isemayo hakuna kulazimishana katika dini ilikuwa ya mwanzoni, wakati Mtume hana nguvu. Maulamaa wakamweleza kwamba aya ile ni ya wakati wa Madina, Waislamu wakiwa wameshaanza kupata nguvu, na kwa hiyo hoja iliyojengwa juu ya tarehe ile haisimami. Hebu fikirini kazi hiyo ilivyo nzito. Mtu amenukuu maneno mabaya juu ya Mtume wako, umelipokea sikitiko lake, kisha umekaa chini kumwonyesha kwa utulivu mahali alipokosea hesabu.

Tarehe 30 Novemba mwaka uleule, Papa alikuwa Istanbul, ndani ya Msikiti wa Buluu, amesimama kimya kando ya mufti wa jiji, wote wawili wameelekea kibla. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Oktoba 2007, maulamaa 138 walitoa mwaliko kwa viongozi wa Wakristo wote duniani wakutane kwenye neno la pamoja, kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Novemba 2008 wajumbe wa pande mbili waliketi Roma kwenye kikao cha kwanza cha jukwaa la Wakatoliki na Waislamu. Mlango ule ulifunguliwa na wenye hoja. Mawe na moto havikuchangia chochote.

Maana mawe na moto vilikuwepo. Katika Ukingo wa Magharibi na Gaza makanisa yalishambuliwa, yakiwemo ya Kianglikana na ya Kiorthodoksi, ambayo hata hayako chini ya Papa. Na Jumapili ileile ya tarehe 17 Septemba, huko Mogadishu, Sista Leonella Sgorbati, mtawa wa Kiitalia wa shirika la Consolata, alipigwa risasi akitoka hospitali ya watoto alikokuwa akifundisha wauguzi. Alikuwa na umri wa miaka 65 na alikuwa amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Mlinzi wake, Msomali na Mwislamu, aliuawa pamoja naye. Inasimuliwa kwamba maneno ya mwisho ya sista yalikuwa, “Nasamehe, nasamehe, nasamehe.” Watu wengi waliunganisha mauaji yale na hotuba ya Regensburg. Mimi nasema hivi: hata kama muuaji angeitaja hotuba ile kwa jina, deni la damu ya wale wawili ni la aliyefyatua risasi. Halihamishwi.

Hapa ndipo mjadala huu huwa unatuchanganya, kwa sababu tunachukua makosa mawili na kuyatia katika daftari moja. Mfano mwingine. Tarehe 20 Machi 2011, mchungaji wa kanisa dogo mjini Gainesville, Florida, Terry Jones, aliendesha kile alichokiita kesi dhidi ya Qurani, na msahafu ukachomwa moto. Sheria ya Marekani haikumgusa. Tarehe 1 Aprili umati ulivamia ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Mazar-i-Sharif, Afghanistan, na wafanyakazi 7 wa Umoja wa Mataifa wakauawa, wakiwemo walinzi 4 kutoka Nepal. Walinzi wale walikuwa na uhusiano gani na Florida?

Wapo wanaosema mchungaji ndiye muuaji. Hapana. Wauaji ni waliovamia. Wapo wanaosema kwa kuwa wauaji ni wale, basi mchungaji hana deni. Hilo nalo hapana. Alikuwa na deni lake mwenyewe hata kama dunia nzima ingebaki kimya siku ile: alichukua kitu ambacho watu wanakipenda kuliko roho zao, akakidhalilisha makusudi, kwa jina la Mungu anayeamuru jirani apendwe. Deni hilo lilikuwepo kabla umati haujakusanyika. Na umati ulipoua haukulilipa wala kulifuta. Ulifungua daftari lake.

Maandiko yenyewe, kwa anayetaka kuyasikiliza, yako wazi kuliko sisi. Qurani, sura ya 6 aya ya 108, inawakataza waumini kuwatukana wanaoombwa na watu wengine badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui na ujinga. Sura ya 4 aya ya 140 inaeleza la kufanya ukisikia aya zinakebehiwa: usikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Nawaomba vijana wa Kiislamu muisome taratibu. Unaondoka, na mazungumzo yakibadilika mlango wa kukaa pamoja bado uko wazi. Na vijana wa Kikristo, Mathayo 5 inamwambia anayeleta sadaka madhabahuni kwamba akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye. Angalieni nani anatumwa kwenda. Ni yule anayelalamikiwa, na anatumwa kabla mlalamikaji hajaja kugonga mlango.

Kwa hiyo kuomba radhi ni wajibu ambao dini inauweka juu ya mtu kutoka ndani. Ndiyo sababu naukataa mtindo wa kuitoa radhi kwa kumtisha mtu. Kiongozi anayesoma karatasi aliyoandikiwa, akitetemeka, huku watu wamezingira nyumba yake, hajaomba radhi. Ameokoa roho yake, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo, lakini waliomzingira wasijidanganye kwamba wameheshimiwa. Wameogopwa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Radhi za viongozi wa dini mara nyingi hutiririka kuelekea kwa wenye nguvu. Wenye mabalozi hupata kikao, wenye umati hupata tamko. Je, asiye na mtu?

Mkumbukeni Asia Bibi, mwanamke Mkristo wa kijijini nchini Pakistan. Mwaka 2009 aligombana na wanawake wenzake shambani kuhusu maji ya kunywa, akatuhumiwa kwamba amemkashifu Mtume. Mwaka 2010 akahukumiwa kunyongwa. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, Mwislamu, alipomtetea, aliuawa Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Waziri Shahbaz Bhatti, Mkristo, akauawa Machi mwaka huohuo. Asia Bibi alikaa gerezani akisubiri kifo mpaka tarehe 31 Oktoba 2018, Mahakama ya Juu ilipomwachia huru kwa kuwa ushahidi haukusimama. Miaka yote hiyo wapo wahubiri waliodai anyongwe, na hukumu ilipotoka wakajaza barabara kuipinga. Mahakama ilisema hana hatia. Nani miongoni mwao alikwenda kwake kumwambia, “Mama, tulikukosea”? Naye ilimbidi aihame nchi yake.

Kipimo changu cha kiongozi wa dini kiko hapo. Kumwomba radhi anayeweza kukuchomea jengo ni busara tu. Nataka kujua kama umewahi kumwomba radhi mtu asiyeweza kukufanya lolote: binti uliyemtaja kwenye mahubiri kwa fumbo ambalo mtaa mzima ulilifumbua, familia uliyoiita ya wachawi, mwanafunzi wa dini ya watu wachache uliyemfanya mfano wa upotofu mbele ya darasa.

Namna ya kuomba ina uzito wake. Novemba 2016, maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa makosa ya waumini wao katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Serikali ya Rwanda ilisema haitoshi, kwa sababu radhi iliishia kwa watu binafsi, kana kwamba Kanisa lenyewe lilikuwa mtazamaji. Machi 2017, Papa Francis, akiwa na Rais Kagame huko Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake. Tofauti ni maneno machache tu. Kwa mtu ambaye ndugu zake waliuawa ndani ya kanisa walikokimbilia, maneno hayo machache ndiyo kila kitu. Basi ukiomba radhi, usijifiche nyuma ya “baadhi yetu”, na usimtupie aliyeumia kwa “kama kuna aliyekwazika”.

Novemba 1990, viongozi wa makanisa ya Afrika Kusini walikutana Rustenburg. Willie Jonker, profesa wa teolojia kutoka Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo, kanisa lililokuwa limeupatia ubaguzi wa rangi uhalali wa Kibiblia, alisimama akakiri dhambi na hatia yake mwenyewe kwanza, ndipo akakiri kwa niaba ya kanisa lake na watu wake. Alianza na nafsi yake. Askofu Mkuu Desmond Tutu alisimama akaipokea radhi ile. Na mara wakatokea waliomlaumu Tutu: nani amekutuma upokee kwa niaba yetu sote, na sheria za ubaguzi bado ziko vitabuni?

Mimi nawaheshimu wote watatu, aliyeomba, aliyepokea, na waliosema bado. Nyinyi mlio mbele hapa, itakapofika siku yenu, na kwa kazi mnayoifanya ya kusema mbele ya watu kila wiki itafika, msiende mkitarajia kupokelewa siku hiyohiyo. Ombeni radhi, rekebisheni mlichokiharibu, na muwaache watu waendelee kukasirika kwa muda wanaouhitaji.